Nenda Ukasikilize Picha

Mpenzi msomaji, kama mwezi huu una shilingi elfu ishirini zisizo na kazi maalumu, na kama uvunguni mwa kitanda chako kuna madaftari unayoyaita riwaya, kama yalivyo ya kwangu, basi sogea karibu. Nina picha za kukushauri. Nyingi zimetoka katika miaka hii ya karibuni. Moja imekuwa ikizunguka dunia tangu mwaka 2021, lakini mimi bado naiita mpya, kwa kuwa kila nikiitaja kijiweni watu watatu kati ya wanne wananiuliza, "Hiyo ndiyo ipi tena?"

Sitazipanga kama timu za ligi. Kipimo changu ni kimoja tu, nacho ni sikio. Nikiingia ukumbini nataka kujua: hawa watu wanaongeaje? Nani anamkatiza nani? Nani ananyamaza wakati alipotakiwa kujibu? Mtu anayetaka kuandika riwaya ya Kiswahili ana shida ambayo walimu wetu hawakututajia. Tulifundishwa insha, tukafundishwa barua ya kuomba kazi, tukafundishwa na hotuba ya kumkaribisha mgeni rasmi. Hakuna aliyetufundisha namna mama anavyomnyima mtoto wake pesa bila kutamka neno "hapana". Hayo unayapata barabarani, msibani, kwenye daladala, na ukibahatika unayapata kwenye picha.

Sikio langu lilifunguliwa kibandani. Wa rika langu mnakijua kibanda umiza: mabati, mabenchi ya mbao, televisheni moja juu ya meza, jasho, na khanga kuukuu mlangoni ili wasiolipa wasichungulie. Picha zilikuwa za Kichina, za Kihindi, za Kimarekani, ila zilikuwa zimetiwa sauti ya mtafsiri, na kwetu mfalme wao alikuwa Lufufu. Wakenya wana DJ Afro wao, na kule Kampala kuna akina VJ Jingo. Mtafsiri wa aina hii hafuati neno kwa neno hata kidogo. Anamtania stelingi akichelewa kurudisha ngumi, anampa adui maneno ya sokoni, anamsikitikia mjane kama vile ni jirani yake wa nyumba ya tatu. Wasomi walikuwa wanavibeza vibanda hivi, na wapo wanaovibeza hadi leo. Mimi nasema kule ndiko nilikojua kwamba mtu aliyekasirika kwa Kiswahili hasemi "nimekasirika sana". Anasema, "Sawa. Endelea tu." Halafu anatoka nje.

Kwa kipimo hicho, nianze na picha ambayo watu waliisubiri kuliko zote, *Mufasa: The Lion King*, iliyotoka Desemba 2024. Niliwapeleka watoto wa dada yangu, nikanunua na bisi, nikajua mwezi umekwisha hapo hapo. Mwongozaji wake ni Barry Jenkins, yule wa *Moonlight* ya mwaka 2016, na mtu huyo anajua kazi, siwezi kumvunjia heshima. Simba wanafanana na simba. Lakini Kiswahili chake, jamani! Nchi ya ahadi inaitwa Milele. Mtoto wa mfalme, yule atakayekuja kuitwa Scar, jina lake la utotoni ni Taka. Watoto wetu walicheka ukumbi mzima, mmoja akauliza kwa sauti, "Anko, yaani mama yake alimwita Taka?" Sikuwa na jibu. Tangu ile picha ya kwanza ya mwaka 1994 wenzetu wanakitumia Kiswahili kama anayetundika mkeka ukutani: ni pambo, hakuna anayekaa juu yake. Hata ile "hakuna matata" yao, nani anaisema Temeke? Sisi tunasema "hamna shida" au "hakuna noma". Ile ya kwao utaisikia zaidi Unguja, mtu akimuuzia mtalii fulana. Kwa hiyo wapeleke watoto, watafurahi, ila daftari liache nyumbani.

Sasa nije kwenye ile iliyonifanya nishike kalamu leo. *Vuta N'kuvute*. Mwongozaji ni Amil Shivji wa Dar es Salaam, na imetokana na riwaya ya Shafi Adam Shafi iliyochapishwa mwaka 1999. Picha ilionyeshwa kwa mara ya kwanza huko Toronto, Kanada, Septemba 2021, ikiwa picha ndefu ya kwanza ya Tanzania kuchaguliwa katika tamasha lile. Mwaka 2022 ikapelekwa na nchi kugombea Oscar, na ilikuwa mara ya pili tu kwa Tanzania kupeleka picha huko. Ya kwanza ilikuwa *Maangamizi* ya mwaka 2001. Piga hesabu mwenyewe: kutoka kitabu hadi picha ni miaka 22. Mtoto aliyezaliwa siku kitabu kinatoka kiwandani alikuwa mtu mzima mwenye kura yake siku picha inawashwa. Ndugu zangu mnaoandika, hilo liwafariji au liwatishe, chagueni wenyewe.

Wa kidato cha tano na sita wanaijua hadithi kwa kuwa wamekisoma kitabu darasani. Sisi tulioishia cha nne tuliazima. Ni Zanzibar ya miaka ya 1950, Mwingereza bado yupo. Yasmin, msichana wa Kihindi, ameozwa mume mzee asiyemtaka, anatoroka, anapokelewa na Mwajuma, anakutana na Denge anayepambana na wakoloni. Yasmin anachezwa na Ikhlas Gafur Vora, Denge na Gudrun Columbus Mwanyika, na Mwajuma na Siti Amina ambaye ni mwimbaji hasa, siyo wa kuigiza.

Niliiona katika onyesho moja la jioni, nikiwa na shangazi yangu. Shangazi ni mzaliwa wa Ng'ambo, Unguja. Alivuka bahari kuja kuolewa Dar es Salaam na hajawahi kuusamehe mji huu kwa namna unavyoongea. Kwake sisi wa bara "tunakitafuna" Kiswahili. Nilimlipia tiketi, nikakaa nikimtazama yeye kuliko nilivyotazama picha. Dakika za mwanzo alikuwa amekunja mikono kama mtu aliyepelekwa kituoni kutoa ushahidi. Halafu wale watu wakaanza kuongea. Sauti ikipanda mwishoni mwa neno, kile kiburi kidogo cha Mzanzibari, ile namna ya kumwambia mtu jambo zito huku unatazama pembeni. Shangazi akafungua mikono. Akaniinamia akasema, "Huyu kweli katoka kwetu, mwanangu." Baadaye, muziki ulipoingia, sikumsikia tena. Nilipogeuka nilimwona anafuta macho kwa ncha ya mtandio, nikajifanya sijaona, kama inavyotakiwa.

Tulipotoka nikamuuliza amependa nini. Hakutaja mapenzi ya Yasmin wala siasa za Denge. Alisema, "Wameziacha kuta zilivyo." Akimaanisha kwamba kuta za Mji Mkongwe mle ndani ya picha zina ukungu na chokaa inayobanduka, hazikupakwa rangi kwa ajili ya kadi za watalii.

Nina ugomvi mdogo na picha hii, na nitausema kwa kuwa mtu hupendi kitu halafu ukakifichia. Katika kitabu, watu wa Shafi Adam Shafi wanaongea! Wanabishana, wanataniana, wanazungushana maneno mpaka chai inapoa. Shivji ameyakata mengi. Mahali ambapo kitabu kina ukurasa mzima wa mazungumzo, yeye ameweka uso, maji, mwanga wa taa unaoingia dirishani, kisha kimya. Rafiki zangu waliokisoma kitabu kwa ajili ya mtihani walilalamika, "Hawajaweka yote." Kwa hilo siwaungi mkono. Picha ikiweka yote inakuwa mtu anayekusomea kitabu kwa sauti. Nilichokikosa mimi ni Mwajuma. Nilitaka aachiwe aropoke zaidi. Yule ni mwanamke ambaye katika kitabu unamsikia hata akiwa chumba kingine, na mwigizaji wake ana koo la kuibeba kazi hiyo. Lakini basi, nilichokipata kwa sikio siku ile kimenisaidia kurasa arobaini za daftari langu, na elfu ishirini haijawahi kuninunulia kitu kama hicho.

Hapa ndipo ninapogombana na rafiki yangu mmoja. Yeye ana kibanda cha kuuza muvi. Unampelekea flashi, anakujazia. Ni mtu mzuri, akinidai hanifuati nyumbani. Siku niliyomwambia nimelipa kiingilio akanicheka: "Kaka, ungesubiri tu. Kila kitu kinafika hapa." Nikamwambia hebu nitafutie *Vuta N'kuvute*. Akatafuta kwenye kompyuta yake. Ilikuwa na Wakorea, Wahindi, Waturuki, Wafilipino, na Wamarekani ambao picha zao zilikuwa hazijamaliza hata wiki tangu zitoke. Ya kwetu haikuwemo. Akasema, "Hiyo hakuna anayeiulizia." Nami nikamjibu haiulizwi kwa sababu haipo, na haipo kwa sababu haiulizwi, na tukabaki tunazunguka hapo kama mbwa na mkia wake hadi akaja mteja.

Ninachotaka ukielewe ni hiki. Picha ya Kimarekani inaweza kukusubiri. Usipoiona ukumbini utaiona kwenye flashi, usipoiona kwenye flashi utaiona kwenye basi la kwenda Mbeya, upende usipende. Ya kwetu inakaa ukumbini siku chache. Viti vikiwa vitupu Ijumaa na Jumamosi, meneja anaitoa, naye ana kodi ya kulipa, simlaumu. Baada ya hapo inaenda kwenye matamasha ya Ulaya, na wewe unakuja kusoma gazetini kwamba Watanzania wameigiza vizuri. Wazee wetu wanazitaja Empire na Avalon za Dar es Salaam, na Majestic ya Unguja, kama watu wanaotaja marehemu wa ukoo. Siku hizi kumbi zimehamia kwenye majengo ya maduka makubwa, ambako kwanza unapita dukani ukitamani viatu, ndipo unafika kwenye picha ukiwa umekwisha kujiona maskini. Lakini zipo. Tena pale Upanga kuna vituo vya utamaduni vya Wajerumani na Wafaransa ambavyo huwa vinaonyesha picha bila kiingilio. Kazi yako ni nauli tu na kuoga.

Kutoka Kenya nakushauri mbili. Ya kwanza ni *Nawi* ya mwaka 2024, ambayo nchi yao iliipeleka kwenye Oscar mwaka huo huo. Msichana wa Kiturkana wa miaka 13 amefaulu mtihani vizuri sana na anataka kwenda sekondari. Baba yake ameshakubaliana mahari na mwanamume: kondoo sitini, ngamia wanane na mbuzi mia moja. Najua unachofikiri. "Aa, picha ya wafadhili, ya kutufundisha." Nami nilikwenda nikiwa na wasiwasi huo huo, na kweli zipo sehemu ambapo unahisi kama umekaa kwenye semina. Lakini mtazame mtoto yule, Michelle Lemuya Ikeny. Anapowahesabu wale wanyama kichwani, anawahesabu kama mwanafunzi bora wa hesabu, na hapo unaelewa ukatili wa jambo lenyewe bila ya mtu kukuhutubia.

Na kuna sababu ya pili ya kukutajia *Nawi*. Hadithi yake imeandikwa na Milcah Cherotich, msichana wa kule kule Kenya, na ilianza kwa kushinda shindano la uandishi. Aliitoa katika yaliyoikuta familia yake mwenyewe. Sisi wa magazeti haya madogo, ambao kila mwezi tunatuma hadithi na kungoja jibu la mhariri kama anayengoja matokeo ya kidato cha nne, tulilichukua jina hilo tukalibandika ukutani. Angalau mimi nililibandika.

Ya pili ya Kenya ni *Shimoni* ya Angela Wanjiku Wamai, iliyoshinda nafasi ya tatu katika tamasha kubwa la Ouagadougou, FESPACO, mwaka 2023. Aliyekuwa mwalimu anatoka jela, anapelekwa kuishi kijijini alikotoka, na kule yupo mtu ambaye hakupaswa kukutana naye tena. Sitasema zaidi. Usiende na mtoto, usiende ukiwa umegombana na mtu. Mwalimu huyu anaongea kidogo sana, na watu wanaomzunguka wanaongea mambo ya ng'ombe na maziwa na kanisa, na jambo lenyewe liko katikati yao kama jiwe ambalo kila mmoja analizunguka.

Picha za lugha nyingine nazo nazisikiliza, ingawa nasoma maandishi ya chini. Kati ya hizo, iliyonikaba koo ni *Goodbye Julia* ya Msudani Mohamed Kordofani. Ilikuwa picha ya kwanza ya Sudan kuingia katika orodha rasmi ya tamasha la Cannes, Mei 2023, mwezi mmoja tu baada ya vita kulipuka Khartoum. Fikiria hilo: mji ulio kwenye kitambaa cha picha unapigiwa makofi Ufaransa, na wenyewe unaungua.

Hadithi inaanza mwaka 2005. Mona ni mwanamke wa kaskazini mwenye uwezo, alikuwa mwimbaji na mumewe akamkataza kuimba. Anamgonga mtoto wa kusini kwa gari, anaogopa, anakimbia. Baba wa mtoto anamfuata hadi nyumbani, na mume wa Mona, asiyejua kitu, anampiga risasi. Halafu Mona anamtafuta mjane, Julia, anamchukua kuwa mtumishi wa ndani pamoja na mtoto wake, bila kumwambia. Miaka inapita hadi 2011, kura ya kugawana nchi. Wanawake hao wawili wanaongea jikoni kila siku na kila neno la upendo analolitoa Mona lina uongo ndani yake, na bado ni upendo. Nilitoka nikijiuliza nyumba ngapi za mjini kwetu zina msichana wa kazi anayeitwa "mwanangu" na ambaye hajawahi kukaa kwenye sofa. Mle ndani ya picha ipo sahani na vikombe vilivyotengwa kwa ajili ya watumishi. Ukiiona sehemu hiyo utajua ninachosema. Kijana mmoja nyuma yangu alisema taratibu, "Kama kwetu," na hakuna aliyemnyamazisha.

*The Village Next to Paradise* ya Mo Harawe, 2024, ni ya Wasomali, ya kwanza yao kuonyeshwa Cannes. Baba, mtoto wake Cigaal, na dada wa baba, Araweelo, anayetaka kibanda chake cha kushona nguo. Ni ndefu na inakwenda mwendo wa mchana wa joto. Mshikaji wangu alilala. Mimi niliipenda kwa sababu mle ndani vita haipigi kelele. Watu wanazungumza habari za ada ya shule huku ndege zisizo na rubani zikiwa angani.

Imebaki moja, nayo naisubiri kwa hamu: *My Father's Shadow* ya Mnigeria Akinola Davies Mdogo, aliyeiandika pamoja na kaka yake Wale. Mei 2025 ikawa picha ya kwanza ya Nigeria kuingia orodha rasmi ya Cannes. Baba anawachukua wanawe wawili kwenda nao Lagos kwa siku moja tu, katika siku zile za uchaguzi wa Juni 1993 ambao serikali ya kijeshi iliufuta. Waandishi wake walifiwa na baba yao wakiwa wadogo mno, kwa hiyo wamekaa chini, watu wazima, wakamtengenezea baba huyo siku moja ya kuongea nao. Watoto wawili katika picha ni ndugu wa kweli. Nataka kusikia baba huyo anawaambia nini ndani ya basi.

Ikifika Dar es Salaam nitakwenda siku ya kwanza, maana siku ya tatu siiamini tena. Shangazi amekwisha kuniagiza niweke na nauli yake pembeni, ingawa nimemweleza kwamba hawaongei Kiswahili. "Si utanisomea," kasema. Nitamsomea. Na wewe ukiwa umeona picha yoyote ya kwetu iliyokufaa sikioni, tafadhali niandikie kupitia kwa mhariri, utaje na ukumbi, ili nijue kama bado ipo.